Kalamu Aliyoitaka Baba

Walimu wenzangu wanapotaka kununua laptopu huja kwangu kwanza, kwa kuwa ndimi niliyetangulia kuumia. Yangu ni ile ya kugeuka. Kioo chake ni cha kugusa kama cha simu, na bawaba zake zinazunguka mpaka kioo kikalala mgongoni mwa vibonye, ukabaki na kitu bapa mkononi kama sinia. Mwenye duka, mtu wa Mbeya aliyehamia Sumbawanga na anayeuza kila kitu kuanzia redio hadi pasi, aliniambia hapa nanunua mbili kwa bei ya moja. Nilipoifikisha ofisini mwalimu wa hesabu aliizungusha mara mbili tatu, akanirudishia huku akisema mshika mbili moja humponyoka. Nilimwambia roho mbaya haijengi.

Alikuwa na haki kiasi. Mashine hizi za bei ya chini zina mema yake, sitaki kuzisema vibaya tu. Ni nyepesi, unaitia kwenye mkoba pamoja na madaftari ya kusahihisha na bado bega halikuumi. Unaweza kuisimamisha kwa kuikunja kama kibao cha matangazo cha mama ntilie, ukasoma bila kushika kitu. Ukiwa umechoka na vibonye unatelezesha kidole tu. Lakini ukiiambia ifanye mambo mawili kwa pamoja inaganda, inakutazama. Nafasi ya kuhifadhi kazi inajaa kabla muhula haujafika katikati. Ukiitoa nje kwenye jua hili letu la nyanda za juu, kioo kinageuka kioo kweli, unajiona meno. Bawaba zinalegea mapema. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na darasani nafundisha kwamba jina lake sanifu ni kompyuta mpakato, kwa sababu hupakatwa mapajani kama mtoto. Hii yangu ukiipakata, kichwa kinayumba kama mtoto ambaye shingo haijakaza.

Huwa nawaeleza hayo yote, nao hununua au hawanunui. Kuna kosa moja tu ambalo sijawahi kumweleza mtu ofisini, na hilo siwezi kuisingizia mashine.

Baba alianguka shambani mwisho wa mvua, akiwa anafukia nyasi kwenye yale matuta ya duara tunayoyaita intumba. Mama alimkuta amelala upande, jembe likiwa bado mkononi. Ilikuwa kiharusi. Hospitalini mjini alikaa majuma matatu, kisha tukamrudisha kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki ukiwa na dereva asiyeogopa mashimo. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa na mdomo umevutwa. Daktari alituambia akili yake haina tatizo, anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ila ulimi umelala. Alituambia pia, akiwa ametuita pembeni mama na mimi, kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote, na kwamba kikija tusitegemee sana.

Baba alibakiwa na sauti moja: "Eee." Kwa sauti hiyo aliomba maji, aliomba kugeuzwa, aliwafukuza kuku waliomwingilia ndani. Mama alimwelewa karibu katika yote. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakuliweza. Kila siku, hasa watu wakiwa wametulia baada ya kula, baba alianza: eee, eee, mkono wa kulia ukipiga blanketi. Mama alitaja kila alichoweza kukifikiria. Shuka? Dawa? Shamba la bondeni? Mdogo wako? Baba alitikisa kichwa kukataa, akarudia, akatikisa, mpaka machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo, hata alipomzika mama yake.

"Ana neno," mama aliniambia kwenye simu. "Linamsumbua kuliko ugonjwa wenyewe."

Basi niliposhika njia kwenda nyumbani likizo ya Juni, nilikuwa na kazi moja: kulitoa neno hilo kabla hatujachelewa. Nilibeba laptopu ndani ya boksi lake, kwa kuwa mkoba wake nilikuwa sijanunua. Kulikuwa na baridi ile ya Juni inayoingia kupitia mashimo ya vifungo, na upepo ulivuma njia nzima. Nilijipongeza mwenyewe. Niliwaza, wanangu wa Kidato cha Pili wakiniuliza faida za teknolojia nitakuwa na mfano wa kuwapa.

Tulianza na daftari na kalamu ya wino, kama ambavyo mtu yeyote angeanza. Ilishindikana. Vidole vya mkono wake mzima vilinyooka vizuri lakini havikuweza kufumba kwa nguvu, na kalamu ilimdondoka kila nilipomshikisha. Hapo ndipo nilipojua sikukosea kubeba mashine. Kioo cha kugusa hakitaki ushike chochote, kinataka kidole tu, na kidole baba alikuwa nacho. Niliikunja ikasimama yenyewe kitandani, nikaweka boksi lake nyuma yake kuizuia, nikafungua ukurasa mweupe wa kuchorea. Nikamwonyesha: unaandika hapa, baba, kama tulivyokuwa tunaandika mchangani.

Aliweka kidole. Hakuna kitu. Akabonyeza kwa nguvu mpaka kioo kikarudi nyuma. Hakuna kitu. Niliweka changu, mstari ukatoka mara moja. Tukarudia chake, hakuna. Nilikishika kidole chake nikakitazama, na nikaelewa. Ncha yake ilikuwa ngumu na kavu kama ukwato, ngozi ya miaka sitini ya jembe, na kioo hakikukitambua kuwa ni kidole cha mtu. Nilikasirika, nasema kweli. Kitu ambacho kinamtii mtoto wa miaka mitatu anayelamba pipi kilikataa kumtambua mtu aliyenisomesha.

Nilichemsha maji, nikalowesha kitambaa, nikamfunga nacho kidole kwa muda kama tunavyofanya jeraha, kisha nikakifuta kikabaki na unyevu kidogo. Safari hii mstari ulitoka. Ulikatika katikati, lakini ulitoka. Baba alinitazama na upande mzima wa mdomo wake ukacheka.

Ilituchukua asubuhi yote. Kila akibonyeza, bawaba zililegea na kioo kikainama nyuma, kwa hiyo nilikwenda kukaa upande wa pili, nikakishikilia kwa viganja viwili kama mtu anayezuia mlango. Mara mashine ilidhani imelazwa, ukurasa wote ukajigeuza miguu juu, herufi zake zikasimama kwa vichwa, tukaanza upya. Mara ilitaka kujisasisha. Mimi nikiwa nyuma sikuona anachoandika, nilisikia tu ukucha wake ukigonga. Aliponiitia kwa "eee" ndefu nilizunguka kwenda kuona. Ukurasa mzima ulikuwa umejaa herufi za darasa la nne la zamani, kubwa, zimeinama upande mmoja:

KALAMU

"Kalamu, baba?" nikamuuliza.

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Mkono wake ukaanguka juu ya boksi, nami nikafuata mkono kwa macho. Boksi lile lilikuwa na picha ya mashine ikiwa imegeuzwa, na mkono mzuri wa mtu wa mjini umeshika kalamu ya plastiki ukichora ua juu ya kioo. Kalamu ile naijua. Mashine ya namna hii huipokea, lakini kwa hizi za bei ya chini hawakuwekei. Wanakuonyesha kwenye picha, kisha unajinunulia mwenyewe. Mambo yote yakaja pamoja kichwani mwangu. Mzee amechoka kulowekwa kidole. Ameona picha. Anataka kalamu ya kioo ili aandike hilo neno lake lote kwa raha.

"Nitaileta, baba," nikamwambia. "Nakuahidi."

Alifumba macho kama mtu aliyeshiba. Machozi yalimtoka tena, lakini uso ulikuwa umetulia, na mchana ule alilala usingizi ambao mama alisema hajauona tangu atoke hospitali.

Mama alikuja kutoka jikoni mikono ikiwa na unga, akauliza amesema nini. Nilimjibu kwamba anataka kifaa cha mashine. Mama hajui kusoma, kwa hiyo sikumwonyesha kioo. Hata neno lenyewe sikumtamkia. Niliona halina maana kwake. Alisimama kidogo pale mlangoni, akasema haya, ninyi ndio mnaojua mambo ya mashine, akarudi kwenye moto wake.

Kwa siku tisa nilitafuta kalamu. Nilikwenda mjini mara nne, vumbi hadi kwenye kope. Mwenye duka aliyeniuzia alisema hizo hazina wateja hapa. Mafundi wa simu karibu na stendi walinichekea kwa heshima, mmoja wao, kijana mwenye kofia ya sufu, aliniambia, "Ticha, hiyo mpaka Mbeya, na Mbeya yenyewe uwe na bahati." Nilimpigia mwalimu mwenzangu wa zamani aliyeko Mbeya. Alizunguka siku mbili akaniletea habari kwamba ziko za aina mbili, na aina moja haikubali kwenye mashine kama yangu, na hakuna anayejua ni ipi. Nikamwambia anunue zote, akaziweke kwenye basi.

Nyumbani baba alikuwa amebadilika. Siku ya pili alikula mpaka akamaliza. Siku ya tatu alijishika kidevu akapiga kelele mpaka mama akatafuta wembe akamnyoa. Siku ya tano alionyesha koti lake, lile jeusi la kuendea misibani na harusini, na hakunyamaza mpaka tulipolitoa sandukuni tukalianika. Tulicheka, mama na mimi. Mama alimuuliza mzee unakwenda wapi, na yeye akacheka kwa upande ule mmoja. Kila niliporudi kutoka mjini alinitazama mikono, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni, kama ambaye anategemea watu zaidi. Nilidhani ni tumaini la kuandika linalomchangamsha hivyo. Nilifurahi na nikazidisha mbio.

Siku ya tisa basi lilileta bahasha. Nilizijaribu kalamu zote mbili hapohapo stendi, moja ikakubali. Iliandika vizuri ajabu, mstari mwembamba usiokatika. Njiani niliizungushia kitambaa ili inenepe, apate kuishika bila kufumba vidole sana. Nilifika nimekauka kwa upepo, sikunywa hata maji, nikaisimamisha mashine kitandani, nikaiweka kalamu katikati ya vidole vyake.

"Hii hapa, baba. Kalamu yako."

Aliitazama. Akanitazama mimi. Akageuza macho mlangoni, hakukuwa na mtu, akairudia kalamu. Kisha akaiacha idondoke. Nilimrudishia, nikamwonyesha inavyoandika, nikaandika jina lake. Hakunitazama tena. Aligeuza uso ukutani, na nilipomgusa bega alitoa ile "eee" yake kwa chini sana, bila kuuliza wala kuomba kitu.

Nilitoka nikaenda jikoni nikiwa nimefura. Nina hasira za karibu, nakiri, na wanafunzi wangu ni mashahidi. Mama alikuwa anasonga ugali. Nilimwambia baba amenichosha, kwamba nimehangaika siku tisa, nimesumbua watu mpaka Mbeya, na sasa kalamu imekuja ameitupa chini.

Mama aliacha kusonga. "Kalamu?"

"Kalamu, mama. Aliandika mwenyewe kwa kidole chake. Nilimuuliza akakubali."

Aliipua sufuria akaiweka chini, ugali ukiwa haujaiva. Alikaa kwenye kigoda.

"Kalamu ipi, mwanangu? Ya kuandikia, au ya kula?"

Niliketi chini palepale, kwenye majivu.

Watu wa kwetu wa umri wa baba na mama hawana herufi R vinywani. Kifipa chetu hakiihitaji, na Kiswahili walikivaa juu ya Kifipa kama koti juu ya shati. Wao huludi nyumbani, huwapokea malafiki, hupigana na balidi. Kalamu na karamu kwao ni neno moja, na sikio lao hujua ni lipi kwa kutazama kama kuna wino au kuna chungu. Nilipomuuliza baba "Kalamu?" alinisikia nikilitamka neno lake sawasawa kabisa. Nilipomwambia nitaileta, alisikia mwanaye wa kwanza anamwahidi karamu. Ndiyo maana alinyolewa. Ndiyo maana lile koti.

Na mimi nilipaswa kujua kuliko mtu yeyote duniani. Nilikwenda shule ya bweni mkoa mwingine nikiwa na ulimi huohuo, wasichana wakanicheka bwenini mpaka nikajifungia chooni na orodha ya maneno nikiyarudia: rafiki, barua, harusi. Nikafaulu. Nilipokuwa Kidato cha Pili baba aliniandikia barua, ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Aliandika kwamba maharage yameuzwa, kalo itakuja, nisiwe na hofu, nisome. Nilichukua wino mwekundu nikazungushia kila L iliyokosea. Likizo ilipofika nikamrudishia, nikiwa na furaha ya kijinga ya mtu anayedhani anasaidia. Aliitazama muda mrefu, akaikunja, akaniambia, "Sasa umeelimika." Hakuniandikia tena. Tangu hapo habari zote zilipita kwa simu, na kwa simu aliongea na mimi maneno machache.

Kwa miaka zaidi ya ishirini nimelipwa mshahara kwa kuzungushia L hizo kwa wino mwekundu. Siku moja tu katika maisha yangu ilikuwa halali kumsahihisha baba yangu, naye alikuwa ameniwekea herufi yenyewe mbele ya macho, kubwa kama kiganja, kwenye kioo kinachong'aa. Nikaiacha. Nikaisoma kama ilivyoandikwa, kisha nikamnyima mama nafasi ya kuisikia, mama ambaye angeijibu pale pale mlangoni na unga wake mikononi.

Niliuliza ni karamu gani. Mama aliona haya kujibu, mama yangu, mwenye wajukuu sita.

"Kalamu yetu," alisema. "Ya kubaliki ndoa. Mimi nilidhani ameshasahau."

Hili nililijua na sikulijua, kama watoto wanavyojua mambo ya wazazi wao. Baba na mama walianza maisha bila kupita kanisani. Familia zilikubaliana, taratibu za kwetu zilifuatwa, lakini padri hakuitwa, kwa sababu baba alikuwa amekula karamu za watu wengi na hakutaka kuoa mbele ya macho yao kwa mikono mitupu. Alimwambia mama wangoje mavuno mazuri. Mavuno mazuri yalikuja na mtoto, au na bati la kuezekea, au na kalo. Ng'ombe wa maskini hazai. Miaka ikapita arobaini na kitu. Na kwa miaka hiyo yote, Jumapili watu walipopanga mstari kwenda kupokea Komunyo, mama alibaki kwenye benchi. Wanawake wenzake walimwachia watoto wachanga na mikoba yao, wakaenda, wakarudi, wakavichukua. Nilikuwa nikimwona tangu mdogo amezungukwa na mikoba ya watu, na nilidhani ni cheo.

Tulirudi ndani pamoja. Mama alikaa kitandani, akamgeuza baba uso kwa mikono yake miwili, akamsemesha kwa Kifipa, taratibu. Alimuuliza kama ni karamu yao. Baba alijibu "eee," akajibu tena, akalia kwa sauti kama mtoto, na mama akamfuta kwa khanga huku akimwambia anyamaze, mzee mzima. Mimi nilipiga magoti sakafuni nikamwomba msamaha. Sijui kama alijua ninaomba kwa ajili ya kalamu au kwa ajili ya barua. Aliniwekea mkono kichwani ukakaa pale, mzito.

Kesho yake asubuhi nilikwenda parokiani. Padri alinisikiliza, akauliza hali ya mgonjwa, akasema kwa hali kama hiyo matangazo ya ndoa hayasubiriwi, atakuja Jumamosi. Zilikuwa siku nne. Kijiji hakikuhitaji zaidi. Baba mdogo alileta beberu. Majirani walileta maharage na sufuria kubwa, binamu yangu anayefanya biashara Kasanga alituma tenga la migebuka, samaki wa ziwani, na wanawake wa jumuiya wakakoroga pombe ya ulezi iliyokuwa tayari imeanza kuumuka kwa ajili ya shughuli ya mtu mwingine; huyo mtu mwingine aliambiwa asubiri naye akakubali.

Jumamosi tulimvalisha koti, tukamwegemeza kwa mito. Mimi bado sikuwa nimekoma. Niliwaza padri atahitaji jibu la bwana harusi, na bwana harusi hana ulimi, basi nikaisimamisha laptopu mbele yake nikiwa nimeandika NDIYO upande mmoja na HAPANA upande mwingine, herufi kubwa, aguse mwenyewe. Kidole nilikuwa nimeshakilowesha. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilipiga kioo, hakuna aliyeona herufi yoyote, tuliona tu sura zetu na paa la jirani. Padri aliitazama, akaikunja kwa upole akanikabidhi.

Akainama sikioni kwa baba. Alimuuliza kama anamkubali huyu kuwa mke wake. Watu walikuwa wamejaa mpaka uani. Baba alivuta pumzi, akaitoa ile sauti yake, ndefu, kutoka chini kabisa.

"Nimesikia," padri akasema, akamgeukia mama.

Mama alipokea Komunyo akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, kitenge kipya kikiwa bado kina mikunjo ya dukani. Hakujua aiweke wapi mikono yake, maana siku zote ilikuwa na vitu vya watu. Baada ya hapo tulikula. Watu walikula mpaka jua likainama, wakacheza, wakaingia mmoja mmoja kumshika baba mkono na kumwambia hongera, wengi wao wakimwambia hongela. Alimjibu kila mtu. Mama alimlisha migebuka kwa vidole, akimchambulia miiba, na kila tonge alilolimeza alitazama pande zote kuhakikisha watu wameona kwamba kwake kumepikwa.

Kiharusi cha pili kilikuja Jumatano ya juma la pili baada ya karamu, alfajiri, naye hakuamka. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Nilipigiwa simu nikiwa darasani.

Padri alimzika kwa misa kamili, na kwenye kitabu cha parokia mama ameandikwa mjane wa marehemu, kwa haki yake. Siku hizi anakwenda mbele na wenzake, na mikoba inabaki benchini peke yake. Wanawake wa jumuiya wanapotaniana kuhusu nani ameishi na mume miaka mingi zaidi, mama husema yeye ndoa yake ilikuwa ya siku kumi na moja, na hucheka mpaka akashika mbavu, nao hucheka naye. Mimi nikiwapo huinuka nikatoka nje. Bila zile tisa za kalamu, zingekuwa ishirini.